Usikimbilie kampaundi: rangi ya gari lako ni nyembamba kuliko unavyodhani

Ndugu au jirani akinikabidhi funguo na kusema "hebu niangalizie, rangi imepauka", huwa tayari ameshaanza kuuliza bei ya kampaundi, ile dawa ya kusugulia rangi mpaka ing'ae. Mimi humuuliza kwanza gari linalala wapi na linaoshwa na nani. Majibu ya maswali hayo mawili yanaeleza karibu kila kitu ninachokwenda kukikuta kwenye boneti.

Rangi ya gari la kisasa imepandana tabaka juu ya tabaka. Chini ni bati, juu yake kuna kinga ya kutu inayowekwa kiwandani kwa kuzamisha bodi zima kwenye dimbwi lenye umeme, inafuata praima, yaani rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe, na juu ya yote klia, tabaka angavu lisilo na rangi. Klia ndiyo inayong'aa, na ndiyo inayopokea jua kwa niaba ya rangi iliyo chini yake. Unene wake kwa kawaida ni maikroni 35 hadi 50, wakati unywele wa binadamu una kama 70. Sasa, kampaundi yoyote, ya bei rahisi au ya bei mbaya, inang'arisha kwa kukwangua. Inaishusha klia mpaka ilingane na kina cha mkwaruzo, ndipo mkwaruzo unapotea machoni. Ulichokikwangua hakirudi. Ndiyo maana mimi ni mchoyo wa kampaundi, na ndiyo maana nusu ya ushauri wangu unahusu maji na sabuni.

Simama nyuma ya gari jeusi saa saba mchana hapa Dar, jua likiwa limepiga kwenye boneti. Utaona mikwaruzo myembamba ya mviringo imejaa kila mahali. Haikuletwa na miti wala bodaboda. Imeletwa na kuoshwa. Kijana wa kuoshea magari ana ndoo moja na sponji moja, anaanza kwenye rimu zenye mchanga na vumbi la breki, anachovya, anapanda mlangoni, anamalizia paani. Kila punje ya mchanga iliyonasa kwenye sponji inachora. Halafu anakuja na tabasamu: "Bosi, nikupigie na polishi?"

Ukiosha mwenyewe, anza kwa kumwagia maji mengi kutoka juu kushuka chini ili vumbi liondoke kabla hujagusa kitu. Tumia ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia sponji kila baada ya kipande kimoja. Ukimaliza angalia chini ya ile ndoo ya kusuuzia, utaona mchanga ambao ungekuwa mlangoni kwako. Anza na paa, shuka kwenye vioo, boneti, milango; sehemu za chini na rimu ziwe za mwisho na ziwe na kitambaa chao. Sabuni ya unga iache kwenye nguo. Inaondoa waksi yote uliyopaka, na chembe ambazo hazijayeyuka vizuri zinasugua. Kama huna nafasi ya kuosha mwenyewe, nenda na sponji yako na taulo lako la maikrofaiba, umwombe kijana atumie hivyo. Atakucheka kidogo, halafu atazoea.

Kuna uharibifu mwingine unaofanywa kwa nia njema kabisa. Mlinzi wa ofisini akiona gari lina vumbi asubuhi, anachukua kitambaa kikavu na kulifuta lote ili akusaidie. Mpe ahsante yake, kisha mwambie kwa adabu, "Mzee wangu, nakuomba gari uliache na vumbi lake." Vumbi likitulia halidhuru kitu, likisuguliwa kavu linakwangua. Hata turubai la kufunikia gari, ukilitupia juu ya gari lenye vumbi na upepo ukalitikisa usiku kucha, linafanya kazi ileile ya msasa.

Sisi wa pwani tuna adha ya maji pia. Visima vingi huku vina maji ya chumvi au magumu, na yakikaukia kwenye bati la moto yanaacha madoa meupe ya duara. Osha asubuhi mapema au jioni, kausha kipande kwa kipande, na kama una maji ya bomba au ya mvua uliyokinga, yatumie kusuuza mara ya mwisho. Madoa yaliyokwisha kushika, jaribu siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu: paka kivulini, subiri dakika moja hivi, suuza kwa maji mengi. Yakigoma, chumvi imeshaila klia, na hapo siki haina kazi tena.

Halafu kunguru. Wale wenye shingo ya kijivu, waliofikishwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 kutoka India, sasa ndio wenye mji, na wanapenda kulala juu ya miembe ileile tunayotafutia kivuli. Kinyesi cha ndege kina tindikali, lakini kinachotumaliza zaidi ni joto. Klia ikipata jua inalainika na kutanuka. Kinyesi kinakauka na kuwa kigumu juu yake. Jioni bati linapopoa, klia inajikunja kufuata umbo la ule uchafu. Ukikisafisha kesho unakuta alama imebaki. Kwa hiyo kiondoe siku hiyohiyo. Usikikwangue kwa ukucha wala kukisugua kikavu. Lowesha tishu au kitambaa, kilaze juu yake dakika chache kilainike, kisha kiinue. Chupa ndogo ya maji na kitambaa safi kwenye buti ni vitu vya bei ndogo. Utomvu wa mwembe nao, ukiwa bado mbichi, unatoka kwa maji ya uvuguvugu na shampuu. Ukishakauka tumia spiriti kidogo kwenye kitambaa, ufute, usuuze.

Sasa tuseme gari limeshapauka. Kabla ya kununua chochote, lioshe vizuri, likaushe, kisha vaa mkononi mfuko wa mkate (ile mifuko ya kubebea ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, lakini wa mkate bado upo) na upitishe vidole taratibu juu ya boneti. Kupitia plastiki nyembamba vidole vinahisi kila kipele. Ukisikia ukakasi, kuna lami, vumbi la chuma au utomvu vimeganda juu ya klia, na mara nyingi ndivyo vinavyoifanya rangi ionekane imechoka. Hapo kinachotakiwa ni udongo maalumu wa kusafishia rangi, unapatikana kwenye maduka ya vipodozi vya magari. Lowesha sehemu kwa maji yenye shampuu nyingi, telezesha udongo bila kukandamiza, ukunje mara kwa mara upate upande safi. Ukiudondosha chini, utupe. Nimeona magari yakirudisha uso wake kwa hatua hiyo tu, kampaundi ikabaki dukani.

Kwa mikwaruzo, kipimo changu ni maji na ukucha. Mwagia maji: mkwaruzo ukipotea ukiwa umelowa na kurudi ukikauka, uko kwenye klia na polishi inaweza kuuondoa. Pitisha ukucha kukatisha mkwaruzo: ukucha ukinasa, mkwaruzo ni wa kina, na anayekuahidi kuufuta wote kwa kusugua atakufikisha kwenye rangi. Ukiona praima au bati, acha habari ya kung'arisha, paka rangi ya kuzibia haraka, kwa sababu upepo wa bahari hausubiri. Namba ya rangi ya gari lako imeandikwa kwenye kibati cha utambulisho. Kwenye Toyota nyingi kutoka Japani kibati hicho kiko chini ya boneti, tafuta neno COLOR. 040 kwa mfano ni nyeupe, 202 ni nyeusi.

Na kama paani au kwenye boneti kuna mabaka meupe yenye kingo zinazobanduka, klia imekufa. Hakuna kampaundi ya kuifufua. Jua limeikausha mpaka ikaachana na rangi, na inaanzia huko juu kwa sababu ndiko jua linakopiga moja kwa moja. Unaweza kumlipa mtu asugue wiki nzima, mabaka yatapanuka tu. Dawa yake ni kupiga msasa na kupaka upya sehemu hiyo.

Ikiwa klia ipo na imefifia tu, sugua. Lakini jua kwanza unasugua nini. Baadhi ya magari, hasa ya zamani na meupe yasiyo na mng'ao wa lulu, hayana klia kabisa. Rangi yenyewe ndiyo inayong'aa. Chukua kitambaa cheusi, tia polishi kidogo, sugua mahali pasipoonekana. Kitambaa kikishika weupe wa rangi, gari halina klia. Linasuguliwa pia, na hupendeza sana, ila kila weupe unaouona kwenye kitambaa ni rangi inayoondoka.

Fanya kazi kivulini, bati likiwa limepoa kiasi cha kuweka kiganja bila kukitoa. Bandika tepu ya karatasi kwenye mipira, plastiki nyeusi na kingo za boneti na milango, maana kwenye kingo ndiko rangi huwa nyembamba zaidi na ndiko mashine inakotoboa. Kama wewe si fundi, tumia mashine inayozunguka huku ikitikisika. Ile inayozunguka tu inakata haraka, inachemsha rangi, na mikononi mwa asiyeizoea inafika kwenye praima kabla hajajua. Chagua eneo la nusu mita kwa nusu mita, anza na polishi laini kuliko zote na pedi laini. Matone machache, mwendo wa polepole, kila mpito uukalie nusu ya mpito uliotangulia. Futa, kisha pangusa na spiriti iliyochanganywa na maji, kwa sababu mafuta yaliyomo kwenye polishi huziba mikwaruzo na kukudanganya. Washa tochi ya simu, iinamishe, angalia. Ukiridhika, malizia gari lote kwa njia hiyohiyo. Usiporidhika ndipo upande daraja. Fundi anayeanza na kampaundi kali kwa kila gari anapunguza muda wake kwa gharama ya klia yako.

Dawa ya meno, mafuta ya nazi na mafuta ya taa nimeyaona yote yakipakwa. Mafuta yanajaza mikwaruzo, gari linawaka mpaka mvua ya kwanza, na mafuta ya taa yanalegeza mipira ya milango. Sina la kuongeza hapo.

Baada ya kusugua, kinga. Waksi ya kanauba, inayotokana na mti wa jamii ya mnazi kutoka kaskazini mashariki mwa Brazili, inatoa mng'ao mzuri, lakini kwa joto letu inakaa wiki chache. Kinga za polima zinakaa miezi, na kwa gari linalolala nje mimi huchagua hizo. Seramiki, kinga ya kupaka inayokauka na kuwa ngumu, ina sifa zake, maji yanateleza na uchafu haushiki sana, ila haizuii jiwe wala mkwaruzo wa ufunguo, na ikipakwa juu ya rangi yenye mikwaruzo inaifungia humohumo. Anayekutajia bei ya seramiki muulize atasugua kwanza au la. Utajua umepata fundi au mwuzaji.

Wanaoagiza gari Japani, someni karatasi ya mnada kabla ya kulipa. Ule mchoro wa gari una herufi: A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa, P ni rangi yenye kasoro, S ni kutu, XX ni kilichobadilishwa. Namba inayofuata ikikua, tatizo limekua. W nyingi upande mmoja zinakuambia gari liligongwa. Gari likishafika, chukua sumaku ndogo uifunge kwa kitambaa: ikishika kwa ulegevu mahali pamoja kuliko pengine, chini yake kuna puti, ile dawa ya kujazia mabonyeo kabla ya kupaka rangi.

Ikibidi kupaka upya, swali la kumwuliza fundi rangi ni moja tu: klia yako ni 2K, ile inayochanganywa na hadina ya kuigandisha, au unapaka rangi inayokauka kwa tina (kiyeyusho) kuvukiza tu? Ya pili ni rahisi mfukoni na inang'aa siku ya kuchukua gari, ila jua la huku linaifubaza mapema. Kuhakiki ni rahisi: kitambaa chenye tina kidogo, mahali pa siri. 2K iliyokauka vizuri haitoki. Ile nyingine inalainika na kushika kitambaa. Mwulize pia kama ana barakoa ya kweli ya kuvuta hewa, kwa sababu hadina ya 2K ni sumu kwa mapafu. Usipake waksi kwa mwezi mmoja hivi baada ya hapo, rangi ipumue viyeyusho vyake. Na kabla hujaondoka gereji, omba rangi iliyobaki, itiwe kwenye chupa ya kioo yenye kizibo kinachokaza, uandike juu yake namba ya rangi na tarehe. Bodaboda wa kesho akikupitia kwenye bampa, hutahitaji kuchanganyiwa upya.