Kocha akihama, wachezaji nao?

SWALI: Asalaam aleikum mhariri. Mtoto wa dadangu yuasoma Alabama huko Marekani, basi kila Jumamosi usiku twajazana barazani na simu moja kuangalia ile futboli yao ya Kimarekani ya vyuo. Mbona kocha Saban alipoondoka tu wachezaji nao wakaanza kuhama, yaruhusiwa? – Mama wa Likoni

JIBU: Waaleikum salaam mama. Yaruhusiwa kabisa. Nick Saban alistaafu Januari 2024 baada ya kuipa Alabama mataji 6, na sheria ya wakati ule ilikuwa kocha mkuu akitoka wachezaji wake wapewa siku 30 za kuomba uhamisho, ndo Caleb Downs, yule beki hatari, akaenda zake Ohio State na msimu huohuo akabeba taji huko. Mimi naona ni haki, kijana alimfuata kocha pale Alabama jamani, si kuta za chuo! Alabama wakamchukua Kalen DeBoer, kocha wa chuo cha Washington, ambaye ndo kwanza ametoka kupigwa 34-13 na Michigan kwenye fainali, na mwaka wake wa kwanza ulikuwa mgumu, Oktoba wakiwa namba 1 kwenye orodha ya timu bora za vyuo wakafungwa na Vanderbilt 40-35, mwisho hata timu 12 za mchujo wa kuwania taji hawakuingia.