Jangwa la nyuma ya mikoko

Mmeuliza wiki hii: "Ni somo gani ulilielewa siku ulipotoka nje ya darasa?" Langu ni la chumvi. Nililipata Bagamoyo, upande wa Nunge kwenye mashamba ya chumvi, nikiwa kidato cha tatu.

Tulifika asubuhi, maji yamekupwa. Mwalimu wa biolojia alitupitisha kwanza mikokoni, viatu mkononi. Akachuma jani la mchu, aina mojawapo ya mkoko, akaniambia nilambe. Chumvi tupu! Ukilisogeza jichoni unaona chembe nyeupe zinametameta. Mchu hufyonza maji ya bahari, kisha hutoa chumvi kwa majani.

Lakini kilichonikaa ni kule nyuma, mbali na bahari. Miti inakoma ghafla, unafuata uwanja mweupe, mkavu, ambao watu wa pwani huuita jangwa. Nikauliza: mbona mikoko inastawi baharini, halafu inashindwa hapa ambako maji hayafiki? Mzee mmoja aliyekuwa akikusanya chumvi akamwahi mwalimu: "Yanafika, mwanangu. Ila bamvua kwa bamvua."

Nikaelewa palepale. Kule chini bahari hujaa mara mbili kwa siku, inaosha ardhi. Huku juu inafika siku za bamvua tu, maji yanapojaa kupita kawaida, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kisha inarudi na kuacha vidimbwi. Jua linakausha maji, chumvi inabaki. Bamvua ijayo inaongeza. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35, sasa piga hesabu ya miaka na miaka! Udongo unakuwa na chumvi kuliko bahari yenyewe, hata mkoko hauwezi. Wenye mashamba ya chumvi wanafanya lilelile: wanayafungia maji, wanaliachia jua.

Wala jangwa si tupu. Pembezoni kuna mimea mifupi ya majani manene, imejaa maji. Tuliponyamaza kidogo, kaa wakaanza kutoka mashimoni, madume yakipunga gando moja kubwa kama wanaoita watu.

Inaniuma kuona sehemu kama hizi zikimwagiwa kifusi na taka eti "hapana kitu". Walimu mnaoleta wanafunzi kuona magofu ya Kaole huku Bagamoyo, mikoko iko hapohapo jirani. Waongezeeni nusu siku. Tazameni mwezi kabla ya kukodi basi, mje siku ya bamvua, na msiondoke mpaka maji yajae. Sisi ilikuwa bamvua, lakini basi lilitakiwa saa nane mchana, na maji hujaa jioni. Bahari ikiingia jangwani sijaiona mpaka leo.