Jibu: Marejesho ya mkopo yanayodaiwa mara mbili

Dada yangu wa Ngamiani, nimekuelewa: taasisi iliyokukopesha inakudai marejesho uliyokwisha kulipa, nawe hutaki kesi. Anza kwa kuwaandikia barua ya malalamiko, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mimi, hapahapa Tanga, niliokolewa na stakabadhi iliyofifia wino, niliyoihifadhi ndani ya daftari la duka.

Wasipokuridhisha, peleka lalamiko Benki Kuu, ambayo chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ndiyo msimamizi wa wakopeshaji wasiopokea amana, yaani wasioweka akiba za wateja. Mkiingia kwenye usuluhishi, kumbuka kuwa si hukumu, bali ni njia ya kuwafikisha wewe na taasisi hiyo kwenye mwafaka. Kwa hiyo, tafadhali, usitie saini mwafaka huo kabla ya kusoma kila mstari. Wakitishia kuuza dhamana, mwone wakili siku hiyohiyo.