Kichwa kinagonga kila asubuhi, na malaria haionekani

SWALI: Shikamoo mama. Nasoma mwaka wa pili hapa Iringa, nimepanga chumba Kihesa na mwenzangu mmoja. Tangu baridi ya Juni ianze, tunaamka vichwa vinagonga, na mwenzangu hutapika. Tukienda darasani, ikifika saa nne tunakuwa wazima. Tumepima malaria mara mbili, haipo, lakini dawa mseto tumekunywa hivyo hivyo. Mwenye nyumba amekataza jiko la umeme na hita kwa sababu ya LUKU, kwa hiyo tunapikia mkaa barazani, kisha usiku tunaingiza jiko ndani lisiibwe na litupashe joto. Tunahakikisha moto umekolea na moshi umekwisha, na jirani alituambia tuweke beseni la maji linyonye sumu. Je, ni unyevu wa chumba?
Msomaji, Iringa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kama jiko liko ndani sasa hivi, litoe kwanza, hata kama juu limebaki jivu tupu, halafu urudi usome.

Kwa unavyoeleza, huo si unyevu wala malaria. Ni sumu ya mkaa, kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Moshi kwisha ndiko kulikowadanganya, maana mkaa mwekundu uliokolea vizuri, ule unaotamanisha kuuota, huendelea kuitoa, na kaa lililofunikwa na jivu vilevile. Beseni halisaidii, kwa kuwa hewa hii haiyeyuki kwenye maji kiasi cha maana. Ikiingia kwenye damu hushikamana nayo kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Ukitoka nje kwenye hewa safi, nusu yake huchukua kama saa 4 hadi 6 kuondoka. Ndiyo maana darasani mnapata nafuu, mkirudi kulala mnaanza upya.

Nimekuwa muuguzi wa zahanati ya chuo miaka 19, huku huku Nyanda za Juu. Julai moja, alfajiri, vijana waliniletea mwenzao wakiwa wamembeba ndani ya blanketi. Kidevu na shingo vilikuwa vimelowa maziwa. Walimkuta hajitambui wakamnywesha ili yakate sumu, kama wengi wetu tulivyofundishwa nyumbani. Maziwa hayaigusi sumu iliyovutwa kwa pumzi, na kwa asiyejitambua yanaweza kumwingia mapafuni. Nikamlaza ubavu, nikamsafisha kinywa, nikambana kile kipimo cha kidoleni cha oksijeni ya damu. Kikasoma asilimia 98. Namba ya mtu mzima kabisa! Nilikwisha kushika kipimo cha malaria mkononi, mmoja wao akasema kutoka mlangoni, “Nesi, walilala na jiko.”

Neno hilo ndilo lililomwokoa. Kipimo cha kidoleni cha kawaida hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba sumu hii. Tulimwekea oksijeni, ambayo kwa barakoa huondoa nusu ya sumu kwa saa moja au moja na nusu, tukamkimbiza hospitali. Alipona, ila kwa wiki kadhaa alikuwa anasahau hata alipoweka daftari lake.

Kwa hiyo nendeni leo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, wote wawili, na kabla ya kutaja kichwa au kutapika semeni, “Tunalala na jiko la mkaa ndani.” Kama mmoja wenu ana ujauzito alitaje hilo pia, maana mtoto tumboni huumia kuliko mama. Na ukimkuta mtu ndani haamki, fungua mlango, mburute hadi nje, mlaze ubavu kama anapumua, piga 114, Zimamoto na Uokoaji. Usikae chumbani ukimtikisa, utaanguka naye.

Wezi nawaelewa, jiko ni pesa. Mkimaliza kupika, chukueni koleo, tumbukizeni makaa yote kwenye ndoo ya maji huko huko nje. Jiko lenyewe lisubiri mpaka uweze kuweka kiganja ndani yake bila kuungua, ndipo liingie. Kabla hamjazima, chemsheni maji, jazeni chupa ya mpira ya maji ya moto, izungushieni kanga, iwekeni miguuni chini ya blanketi. Inafika usiku wa manane ikiwa bado na joto.

Mwenye nyumba mpelekeeni ukurasa huu. Mwambieni mtanunua umeme wenu kwa zamu, au mtumie mtungi mdogo wa gesi dirisha likiwa wazi, kwa kupikia tu. Akikataa, nendeni kwa mshauri wa wanafunzi. Inaniuma kuona ukaguzi wa usalama unaishia kwenye mabweni ya chuo, wakati nusu ya wagonjwa wangu walikuwa wanatoka kwenye vyumba vya kupanga.

Niandikie mkitoka hospitali, mwanangu. Nasubiri.