Embrio tatu kati ya nne hazifai, nimekosea wapi?

SWALI: Assalaam aleikum bi mkubwa. Mie nna miaka 41, niko Kisauni. Mimba mbili zimetoka, mwaka huu tukafanya IVF, ile ya kutungisha mimba maabara, zikapatikana embrio nne, yaani mimba changa za siku chache, zikapimwa kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya seli, tatu wakasema hazifai. Mavyaa yuwasema ni zile sindano za miezi mitatu za kupanga uzazi nlizodungwa zamani, mume wangu kanyamaza tu. Ni kweli nimejiharibu mwenyewe?

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Hizo sindano zitoe kichwani leo leo, haziharibu kromosomu za yai. Mayai yako umezaliwa nayo, yalianza kugawa kromosomu ukiwa bado tumboni mwa mamako halafu yakasimama katikati ya kazi, kila moja likangoja zamu yake, yaani yai walilokutoa mwaka huu limengoja miaka 41 na zaidi! Na muda wote huo kromosomu zimefungwa pamoja na protini, ifikirie kama kamba ya dau, kamba ya miaka 40 haishiki kama mpya, ikilegea wakati wa kugawana ndo yai badala ya kubaki na 23 labaki na 22 ama 24. Kromosomu ya 21 ikizidi mtoto anakuwa na hali ya Down, ya 16 ikizidi mimba inatoka, na karibu nusu ya mimba zinazotoka miezi mitatu ya mwanzo sababu ni hii ya kromosomu. Hata msichana wa 25 hutoa mayai kama hayo, ni machache tu, ukifika 40 yanapita nusu. Kwa hivo majibu yako ni ya umri wako, si ya kosa lako.

Hiyo moja iliyobaki si hakika ya mtoto lakini ni nafasi nzuri, wakuwekee.

Sasa, kabla hizo tatu hazijatupwa uliza kama kuna iliyoandikwa mozaiki. Wanachukua seli chache tu, tano mpaka kumi hivi, za upande utakaokuwa kondo la nyuma, na mozaiki ni embrio yenye seli nzima na mbovu pamoja, tangu 2015 madaktari wameripoti watoto wazima waliotokana na embrio hizo. Usione haya kuuliza, pesa mmelipa.

Na siku hiyo enda na mumeo, aketi asikie kwa daktari, halafu yeye ndiye aende kumweleza mavyaa, si wewe.