Ramani Haijui Jioni Watu Wanashukia Upande Gani

Wadogo zangu wa fildi, mnaotafutia watu pa kufungulia duka kwa kutumia ramani, nawapenda, lakini hitmapu zenu nyekundu, hizo ramani za kuonyesha penye wingi kwa rangi, zimenichosha. Kila msimu mnakuja wapya, mnafungua QGIS, programu ya kuchora ramani, mnavuta vibanda na vituo vya daladala kutoka OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, mnazungushia baffa, yaani duara, ya mita 300, mnatafuta penye nyumba nyingi na maduka machache, kisha mnamwambia mteja akalipie fremu. Wiki hii nimeletewa ramani inayopendekeza genge katikati ya uwanja wa shule. Mchoraji alikuwa amechagua rangi nzuri sana, hilo sikatai.

1. Projeksheni kwanza, yaani namna ya kulaza dunia ya mviringo kwenye ramani bapa inayopimika kwa mita. Dar ni UTM 37 Kusini, ambayo kwenye programu namba yake ni 32737. Anayepima baffa kwa digrii asije kwangu. Mkipewa ramani za zamani za upimaji, ulizeni kama ni Arc 1960, msingi wa vipimo wa zamani, maana ukizifungua kama WGS 84, ule wa GPS, kila kitu kinaruka zaidi ya mita 300 na duka la mtu linaingia mtoni.

2. Pasipo na alama si kwamba hapana duka. Mnachokiita pengo la soko mara nyingi ni mtaa ambao mchora ramani hakufika. Ramani Huria, mradi wa kuchora mitaa ya Dar, ilipoanza 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakiingia mitaani pamoja na wakazi, shabaha ilikuwa mafuriko. Walikuwa wanafuata mitaro, madaraja na nyumba, hawakuwa wanahesabu mameza ya nyanya. Kwa hiyo data ile itumieni kwa kazi yake: mwenye fremu hatakwambia kwamba masika maji yanafika usawa wa kaunta, ila mtaro uliochorwa nyuma ya ukuta wake utakupa wasiwasi wa kwenda kuuliza majirani.

Na kuna alama za marehemu. Mwendokasi ilipoanza 2016, daladala zilizozoea kupita Barabara ya Morogoro kwenda mjini zikahamishiwa njia nyingine. Oktoba 2021 machinga wakaondolewa kandokando ya barabara wakapelekwa maeneo maalumu. Kibanda kilichochorwa kabla ya hapo bado kinang'aa kwenye leya yako, yaani tabaka la data kwenye ramani, na mwenyewe yuko kwingine kabisa anauza soksi. Angalieni tarehe ya kila alama kabla hamjaiita mshindani.

3. Barabara ina pande mbili. Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu hili nimeliona kwa mtu aliyelipa kodi ya miezi sita kwa neno langu.

Alikuwa mama muuza mboga, anatoka kwenye meza anataka fremu. Nikamtafutia kwa mbwembwe zote: nyumba nimehesabu, washindani nimehesabu, kituo cha daladala kiko hatua chache, shule iko karibu. Kituo kwenye data kilikuwa nukta moja, na baffa yangu ikameza barabara yote kama vile ni uchochoro. Nilikwenda kukagua asubuhi, nikakuta umati. Nikajipongeza. Sikujiuliza umati ule unakwenda wapi.

Ulikuwa unakwenda kazini. Upande ule ndipo magari ya kwenda mjini yanaposimama. Saa kumi na mbili asubuhi mtu anagombania mlango wa daladala, konda anampigia kelele, wewe unataka anunue fungu la mchicha aende nalo Posta? Jioni wale wale wanarudi na hela mfukoni na watoto wanaosubiri kula, lakini gari linawashushia ng'ambo. Pale ng'ambo palikuwa na magenge matano hivi, yamewasha taa, nyanya zimepangwa mafungu, na hakuna hata moja lililokuwemo kwenye data yangu. Nani avuke barabara ya malori kufuata kitunguu ambacho kipo mbele ya miguu yake?

Nilipomtembelea alinionyesha tenga la nyanya. Za juu nzima, za chini zimeshakuwa rojo, ameshaanza kuwapa majirani wakalishe kuku. Sikuwa na la kusema, nikaanza kumweleza habari ya msongamano wa majengo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole: "Kwani mwanangu, hiyo kompyuta yako hainunuagi mboga?"

Alijinasua mwenyewe. Aliona fremu ya jirani mama wa chapati anamaliza unga mapema, wateja bado wamepanga foleni, naye akaweka jiko la maandazi na chai ya rangi asubuhi. Mboga akazirudisha kwenye meza, ng'ambo, jioni tu. Fremu ile ile, nukta ile ile kwenye ramani, ila bidhaa imefuata saa. Sasa mtu akiniletea kituo cha nukta moja namrudisha akachore viwili, kila kimoja kimeandikwa magari yake yanaelekea wapi. Na uzio, mtaro mpana, reli, vyote vikate baffa. Bora mpime njia ya mguu.

4. Sensa ya 2022 iliipa Dar watu 5,383,728, ila ilimhesabu mtu pale alipolala. Kariakoo ya saa sita mchana haimo humo.

5. Hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa kando uliotengwa kwa ajili ya barabara. Mnaokumbuka bomoabomoa ya 2017 kuanzia Kimara kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro hamna haja ya kuelezwa. Wengine nendeni ofisi ya serikali ya mtaa mkaulize kabla dalali hajala chake, na mkiona alama ya X nyekundu ukutani msiipige picha kama pambo.

6. Ongeeni na Mangi, mwenye duka la mtaani. Nyie Mangi mnamweka kama nukta ya ushindani, mnampunguzia mteja alama tano, mnapita. Mangi ana daftari la madeni. Anajua nani anapata mshahara lini, nani kahama usiku, na watu wanaulizia nini ambacho yeye hauzi. Nunueni soda, kaeni kwenye benchi, msitoe simu mkaanza kurekodi kama watu wa kodi. Kijana mmoja wa mwaka jana alikwenda kwa Mangi na kishikwambi na fulana yenye nembo, akaambiwa biashara mbaya, mtaa mzima hauna hela. Mwenzake akaenda kesho yake na ndala, akaomba vocha, akaulizia mkaa.

"Mkaa siweki, unachafua unga," Mangi akamwambia. "Lakini wanauulizia kila jioni, tena mwenye fremu ile ya kona anatafuta mpangaji."