Presentesheni ya Iqbal: Pakistan iweke mwisho

Pole dada, nimekuelewa, umepewa dakika kumi umwelezee Muhammad Iqbal, yule mshairi na mwanafalsafa Mwislamu wa India ya enzi za Waingereza, na kila ukisachi unakutana na "baba wa Pakistan" halafu basi, ushairi na falsafa huvioni. Mi ningeiweka Pakistan mwisho kabisa, manake jamaa kafariki Lahore Aprili 1938 na nchi yenyewe imekuja 1947, hotuba yake ya Allahabad ya 1930, ile aliyotaka Waislamu wa kaskazini-magharibi mwa India wawe na dola yao, sentensi mbili zinatosha.

Maisha yapitie haraka: kazaliwa Sialkot 1877, kasoma Lahore, 1905 kaenda Cambridge, London kasomea uwakili, Munich kachukua udaktari wa falsafa 1907.

Muda wako utumie kwenye Asrar-i-Khudi (yaani Siri za Nafsi) ya 1915, utenzi wa Kiajemi, sio Kiurdu kama wengi wanavyodhani. Humo anapinga ile kwamba nafsi ijifute, anataka iimarishwe. Kuna kisa cha mkaa kumuuliza almasi mbona asili yetu moja we unakaa kwenye taji mi naishia motoni, almasi anamjibu we mlaini, jikaze. Simulia hicho, darasa zima litaelewa! Na toleo la kwanza alimshambulia Hafiz, mshairi maarufu wa Kiajemi wa zamani, watu wakawaka kwelikweli, la pili akayatoa mashambulizi hayo.

Ila angalia, beti za WhatsApp zenye jina lake nyingi sio zake, na tafsiri ya simu itakuaibisha. Ukitaka kunukuu mtafute ustadhi au mhadhiri anayesoma Kiurdu au Kiajemi akuhakikishie kabla hujaziweka kwenye slaidi.